Gari jepesi la kijana: nini kitoke, nini kibaki

Lami ikifika mahali huja na mengi. Mchele hufika sokoni mapema, mgonjwa hufika hospitali akiwa bado na nguvu, na vijana huanza kubishana gari la nani linakimbia zaidi. Bonde la Kilombero limefika hatua hiyo. Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero, lenye urefu wa meta 384, lilizinduliwa mwaka 2018 na kumaliza enzi ya kusubiri kivuko kwenda Ulanga na Malinyi. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilometa 67, nayo imepata lami baada ya miaka mingi ya vumbi la kiangazi na tope la masika.

Palipo na lami na vijana, hapakosi anayetaka kulifanya gari la kawaida liwe la mbio. Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kulipunguza uzito. Kubadilisha injini ya Toyota Altezza au Subaru Impreza ni mamilioni ya shilingi. Kung'oa siti ya nyuma ni kazi ya spana na muda mfupi tu.

Mara nyingi mzazi huja kujua jambo likiwa limeshafanyika. Mama anafungua mlango wa nyuma aweke kapu lake, anakuta bati tupu.

"Mwanangu, siti iko wapi?"

"Nimelipunguza uzito tu mama, lichomoke vizuri."

Jibu hilo linaweza kuzua ugomvi wa wiki nzima nyumbani, na ugomvi hausaidii. Kinachosaidia ni kuelewa kijana amepatia wapi na amekosea wapi.

Hesabu ya kijana

Kwa upande mmoja, kijana yuko sahihi. Gari likiwa jepesi, injini ileile hulisukuma kwa urahisi, breki hazichoki haraka, na taili na bushi hudumu zaidi. Mafuta nayo hupungua. Makadirio yanayotolewa na serikali ya Marekani yanaonyesha kwamba kila kilo 45 za ziada ndani ya gari huongeza ulaji wa mafuta kwa takriban asilimia 1. Mwingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alijijengea jina duniani kwa kuamini kwamba wepesi ni bora kuliko injini kubwa.

Tatizo linaanzia hapa: nguvu ya kishindo cha gari hutokana na vitu viwili, uzito na mwendo, lakini viwili hivyo havilingani. Uzito ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo huongezeka mara mbili. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne.

Chukua mfano wa gari lenye kilo 1,350, likienda kilometa 80 kwa saa. Kijana ameondoa kilo 100, jambo ambalo si dogo. Akiongeza mwendo kutoka 80 hadi 83 tu, nguvu ya kishindo imerudi palepale ilipokuwa kabla hajang'oa kitu. Akifika 100, nguvu hiyo imepanda kwa zaidi ya asilimia 40 kuliko ya gari lake la zamani lililokuwa zito na likienda 80. Na hakuna anayelipunguza gari uzito ili aende mwendo uleule wa jana.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kila mwendo wa wastani unapopanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo hupanda kwa asilimia 4. Ni shirika hilohilo linaloeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani.

Ifakara ni mji tambarare wa baiskeli. Asubuhi barabara hujaa wanafunzi, wakulima wanaowahi mashambani na bodaboda waliopakia. Kwa mtoto wa kilo 25 anayevuka barabara, gari la kilo 1,350 na la kilo 1,250 ni kitu kimoja. Kinachomwokoa au kumwangamiza ni mwendo. WHO inaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu anayegongwa na gari huongezeka mara 4.5 mwendo unapotoka kilometa 50 kwenda 65 kwa saa.

Kuna pia malori na matrekta ya miwa upande wa Kidatu. Magari mawili yakikutana uso kwa uso, lile zito hupunguza mwendo kidogo tu, na lile jepesi husimama ghafla au hurudishwa nyuma. Mshtuko mkubwa humwangukia aliye ndani ya gari jepesi. Hapo kila kinga iliyobaki ndani ya gari ina kazi ya kufanya, na kila iliyong'olewa inakosekana.

Gari la mashindano halijavuliwa tu

Vijana wengi hujifunza kwa kutazama magari ya mbio za magari kama Safari Rally ya Kenya, iliyoanza mwaka 1953. Wanaona gari halina siti ya nyuma wala kapeti, nao wanaiga. Wasichokiona kwa haraka ni kilichowekwa badala yake. Ndani kuna kizimba cha vyuma kinachozuia paa lisibonyee gari likipinduka. Kuna siti maalumu zinazomshika mtu ubavuni, mikanda yenye ncha nyingi zaidi ya ile ya kawaida, kofia ngumu, nguo zisizoshika moto haraka na mitambo ya kuzimia moto. Barabara imefungwa na daktari yuko karibu.

Zaidi ya hapo, wasimamizi wa michezo hiyo huweka uzito wa chini ambao gari haliruhusiwi kuuvuka. Mwaka 2022 magari ya daraja la juu la mbio za dunia hayakuruhusiwa kuwa chini ya kilo 1,260. Kwa maneno mengine, hata wanaoshindania ubingwa wa dunia wana mahali pa kusimama.

Gari la nyumbani halina kizimba. Jumatatu linampeleka mdogo wake shule, Jumatano linabeba mchele, na usiku wowote linaweza kumkimbiza mjamzito Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko.

Visiguswe

Cha kwanza ni mikanda ya siti. Mkanda mmoja una uzito mdogo sana, lakini WHO inaeleza kuwa kuufunga kunaweza kupunguza hatari ya kifo kwa aliye ndani ya gari hadi asilimia 50. Hakuna kifaa kingine ndani ya gari kinacholipa kiasi hicho kwa uzito mdogo namna hiyo.

Cha pili ni siti ya nyuma, iwapo kuna mtu atakayekaa nyuma. Mtoto aliyekalishwa juu ya godoro au bati hana pa kufungiwa. Gari likigonga, anaendelea na mwendo uleule hadi akutane na siti ya mbele au kioo. Kwa watoto wachanga, kiti maalumu cha mtoto kinaweza kupunguza vifo hadi asilimia 71, nacho kinahitaji siti na mkanda wa kukishikilia.

Cha tatu ni mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali. Kijana anayeweka usukani mdogo wa kimichezo mara nyingi anatupa mfuko wa dereva pamoja na usukani wa zamani. Mfuko huo hufumuliwa na baruti ndogo, kwa hiyo kuuchokonoa bila ujuzi kunaweza kumjeruhi fundi mwenyewe.

Cha nne ni vyuma vilivyojificha ndani ya milango na nyuma ya bampa. Fundi anaweza kusema havina kazi kwa sababu havionekani. Kazi yake huonekana siku gari linapogongwa ubavuni.

Cha tano ni taili la akiba, jeki na vibao vya pembetatu vya tahadhari. Vyote pamoja huenda vikafika kilo 20, na kwa safari za ndani ya mji mtu aweza kujitetea. Lakini taili likipasuka usiku njia ya Mlimba, familia nzima itasimama kando ya barabara gizani kwa sababu ya kilo hizo.

Hata lililobaki zima hubadilika tabia. Springi zilipangwa kwa uzito fulani. Nyuma ikiwa nyepesi mno, gari hurukaruka kwenye mashimo na mkia huteleza kwenye lami yenye maji. Nyuma inapoinuka, taa za mbele huinama na kumulika karibu, ilhali mwendo umeongezeka.

Kichwa kinauma, si malaria

Hatari moja haizungumzwi sana. Katika kuvua kapeti na vifuniko vya sakafuni, matundu madogo ya bati hubaki wazi. Kijana huyohuyo mara nyingi amekwisha kuondoa masega ya eksozi na kufunga bomba jepesi lenye maungio yanayovuja. Moshi wa injini una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unakosa hewa taratibu.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Katika bonde ambalo malaria imejulikana kwa vizazi, mtu akipata dalili hizo hufikiria mbu kwanza. Kupima malaria ni sahihi na kusicheleweshwe. Lakini kama abiria wawili au watatu wameumwa kichwa safari moja, na wakapata nafuu waliposhuka na kupata hewa safi, gari nalo lipelekwe kupimwa. Aliyepoteza fahamu au anayechanganyikiwa atolewe nje haraka na kukimbizwa hospitali.

Kelele nayo ni mzigo. Mikeka mizito iliyobandikwa sakafuni huzuia ngurumo na joto. Wataalamu wa afya kazini huchukulia sauti ya desibeli 85 kwa saa nane kwa siku kuwa mpaka wa kuanza kuhofia masikio. Gari lililovuliwa, lenye eksozi wazi, huweza kuvuka mpaka huo kwa urahisi, na usikivu uliopotea kwa kelele haurudi.

Kilo za bure

Je, kijana aambiwe aache kabisa? Hapana. Kuna kilo nyingi za kuondoa bila kumgusa mtu.

Aanze na alivyoviongeza mwenyewe. Boksi la spika za besi na mashine yake laweza kufikia kilo 25 au 30, na limekaa kwenye buti la mtu anayedai anataka wepesi. Keria ya juu ya paa isiyotumika ina kilo zake, na hukinza upepo pia. Afungue buti: spana za gari aliloliuza zamani, madumu, vipande vya spea, viatu vya shambani. Gunia la mchele lililosahauliwa tangu Jumapili laweza kuwa na uzito kuliko kila alichokitamani kung'oa. Lita 30 za petroli zina takriban kilo 22, hivyo kwa mizunguko ya mjini hakuna haja ya tangi kujaa daima. Baada ya masika, tope lililoganda chini ya gari na ndani ya rimu lioshwe, kwa kuwa huongeza uzito na kufanya usukani utetemeke.

Rimu nyepesi zinasaidia, ila za bei ya kutupa zinaweza kupasuka kwenye shimo. Heri rimu ya chuma iliyo nzito na nzima. Na dereva mwenyewe akipunguza kilo tano za kitambi kwa kutembea jioni, gari limepungua kilo tano na moyo wake umenufaika zaidi ya injini.

Maswali matatu ya mezani

Kabla fundi hajashika spana, familia ikae na kujiuliza: Nani hupanda gari hili kwa wiki? Kinachotolewa kilikuwa kinamkinga nani? Kikitoka, nini kinachukua nafasi yake? Kama jibu la swali la tatu ni "hakuna", kibaki. Vilivyokwisha kutolewa visiuzwe, vihifadhiwe ndani mpaka siku vitakaporudishwa. Kampuni ya bima nayo iulizwe mapema, kwa maandishi, kama inakubali mabadiliko hayo.

Kijana aulizwe kwa heshima, asifokewe. Anayefokewa hufanya mambo gerejini kimyakimya, na mzazi hugundua akiwa wodini. Anayeulizwa huanza kupiga hesabu mwenyewe, na hesabu hiyo ikipigwa vizuri huishia palepale: mzigo utoke, kinga ibaki.

Usiku ambao gari hilo litatakiwa kumlaza mama siti ya nyuma na kumfikisha hospitali, hakuna atakayeuliza lina kilo ngapi. Wataangalia kama siti ipo.