Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: Mkataba Uliotiwa Saini Ukaachwa Njiani

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki,
Dodoma.

Kama mmoja wa raia wa Tanzania ambao riziki imewavusha bahari mpaka ghuba hii, nakuandikia kutoka Umm Salal, kaskazini ya Doha, nchini Qatar, juu ya jambo lililolala katika makabati ya serikali yetu tangu Septemba 2019, pale Tanzania ilipotia saini, mjini New York, Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia. Saini ilitiwa kwa hishima. Lakini idhini ya Bunge, ambayo Ibara ya 63 ya Katiba yetu inaitaka kabla mkataba haujatufunga, hadi ninapoandika haijatolewa, ilhali mkataba wenyewe umeanza kufanya kazi ulimwenguni tangu tarehe 22 Januari 2021, na jirani zetu wa Komoro na Kongo wamekwisha kuuridhia.

Huenda ukauliza, na ni haki yako kuuliza, mkazi wa Umm Salal ana dai gani katika shauri hili. Dai langu ni maji. Qatar haina mto wala ziwa, na mvua yake ni haba. Maji ya kunywa, karibu yote, hutekwa baharini na kuondolewa chumvi katika mitambo ya pwani, mathalan ile ya Ras Abu Fontas na Umm Al Houl, kisha yakapelekwa kwa mabomba hadi katika birika la kila chumba, cha tajiri na cha kibarua. Wazee wa hapa waliijenga minara ya Barzan, ambayo ingali imesimama Umm Salal Mohammed, pamoja na mambo mengine kwa ajili ya kulinda bonde ambamo maji ya mvua hukusanyika. Na wajukuu zao, katika wilaya hii hii, wamejenga mahodhi ya saruji yenye kuhifadhi mamilioni ya galoni, yakiwa ni sehemu ya mradi wa vituo vitano uliozinduliwa mwaka 2018. Sababu mojawapo ya kuhimiza akiba hiyo aliieleza hadharani Waziri Mkuu wa Qatar, Sheikh Mohammed bin Abdulrahman Al Thani, mwezi wa Machi 2025: kwamba walipoipima hatari ya kushambuliwa vinu vya nyuklia vya Iran waliona bahari itanajisika, na nchi, kabla ya kujengwa mahodhi hayo, ingeishiwa maji ndani ya siku tatu.

Kinu kinachohusika zaidi ni cha Bushehr, kiasi cha kilomita 400 kutoka tulipo, ukingoni mwa ghuba ambayo kina chake kwa wastani hakizidi sana mita 35 na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Hormuz. Juni ya mwaka 2025 hofu hiyo ilitoka vitabuni ikaja milangoni. Israel iliishambulia Iran. Msemaji mmoja wa jeshi la Israel akatamka kwamba Bushehr imepigwa, kisha ikaelezwa kuwa alikosea. Na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, Rafael Grossi, akaliambia Baraza la Usalama kwamba kukipiga kinu kile kungeleta madhara yaliyo mazito kuliko ya kituo kingine chochote cha nyuklia nchini Iran. Tarehe 23 ya mwezi huo, makombora ya Iran yalielekezwa katika kambi ya Al Udeid, waliko wanajeshi wa Marekani hapa Qatar, na anga ya nchi ikafungwa.

Katika soko la samaki la Umm Salal, muuzaji anapompasua chewa, ambaye hapa huitwa hamuri, akatoa matumbo na kumsuuza kwa mpira wa maji mbele ya mteja, samaki na maji yanayomwosha vyote viwili vimetoka katika bahari moja. Mteja huyo huweza kuwa Mhindi, Mfilipino, Mkenya au mtu wa Tanga. Mionzi, lau ingeingia baharini, isingemwuliza pasipoti yake. Basi usalama wa raia wako waliopo huku ni sehemu ya dhamana ya wizara yako, hata kama silaha na vinu vinavyowatisha si vyetu.

Na je, ni kweli kwamba hatuna chochote chetu humo? Kando ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoa wa Ruvuma, katika ardhi iliyomegwa mwaka 2012 kutoka Pori la Akiba la Selous, nchi yetu ina madini ya urani. Na tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko mtambo wa majaribio wa kuyachakata. Mwenye mradi ni kampuni ya Mantra, iliyo chini ya shirika la Rosatom la Urusi, ambalo ndilo lililoikamilisha Bushehr baada ya kazi iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1975 kukatika. Insafu yanipasa kusema wazi kwamba sidai urani ya Namtumbo itakwenda kuunda mabomu, wala sioni haramu katika kuichimba: matumizi ya amani ya nguvu za atomiki yana heri yake, na wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa mionzi katika hospitali ya Ocean Road ni mashahidi. Ninachodai ni kwamba mwenye shamba hawezi kusema hayamhusu yatakayofanyika kwa mavuno yake.

Historia imekwisha kutupa ibra. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha tani zaidi ya 1,000 za mawe yale hadi New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima ikateketea, na kufikia mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Kazi ile ilikuwa ya siri, na vibarua wa Katanga waliofukua na kubeba madini yale hawakuwa na neno katika mauzo wala katika matumizi. Sisi leo tuna Bunge, tuna Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kule Arusha, na tuna sheria. Udhuru wa kutojua hatunao.

Fauka ya hayo, tuna heshima ya kuilinda. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mmoja wa viongozi sita waliokutana Delhi Januari 1985, pamoja na wa India, Mexico, Argentina, Sweden na Ugiriki, wakayataka madola makubwa yasitishe majaribio na mashindano ya silaha za nyuklia. Dola zenye mabomu hazikuwatii, kama ambavyo leo zinaupuuza mkataba huu; na wapo wanaoifanya dharau hiyo hujja ya kutouridhia. Hujja hiyo ni dhaifu, kwa sababu mkataba unawapa wanyonge njia ya kudai haki kwa sheria: unaharamisha kutengeneza, kumiliki, kutumia na hata kutishia kutumia silaha hizo, na unazifunga nchi wanachama kusaidia walioathirika na kusafisha ardhi iliyoharibiwa. Haukatazi kinu cha umeme wala mashine ya hospitali.

Basi naomba mambo matatu. La kwanza, azimio la kuuridhia mkataba lipelekwe Bungeni kabla tani ya kwanza ya urani ya Namtumbo haijapakiwa melini. La pili, masharti ya mauzo ya urani hiyo, yaani inakwenda nchi gani na inakaguliwa na nani, yatangazwe ili wananchi wayasome. La tatu, ubalozi wetu wa Doha uwe na mpango ulioandikwa wa kuwahudumia raia ikiwa maji ya ghuba yatapatwa na mionzi, na mpango huo tuujue kabla ya siku ya dharura. Na balozi wetu aizungumze na Qatar, ambayo mwaka 2017 iliupigia kura ya ndiyo mkataba huu lakini haijautia saini, ili nchi mbili zinazouogopa msiba mmoja ziukabili kwa kauli moja. Hilo la Qatar tutalisema bila ya kuona haya ikiwa sisi wenyewe tumekwisha kumaliza tuliloanza.

Nasalia, kwa hishima,
Mtanzania mkazi wa Umm Salal.