Usimwambie Mtoto "Ni Ndege Tu"

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa Septemba, wiki ya mwisho ya BTP. Nilikuwa darasani katika shule moja ya kijijini hapa mkoani Tabora, Kidato cha Pili, wanafunzi tisini na kitu, somo la Historia. Mada ilikuwa biashara ya misafara. Andalio la somo lilikuwa limekamilika, ramani nilikuwa nimeichora mwenyewe kwenye karatasi la manila, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, na Tabora katikati kwa wino mwekundu. Kijana mmoja akaingia amechelewa, manati mfukoni, mkononi ndege aliyekufa. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akamnyanyua, akasahau hata ile sheria ya shule ya kuongea Kiingereza, akauliza: "Mwalimu, huyu anaitwaje?"

Alikuwa ndege mzuri, jamani. Mgongo wa kahawia kama tofali lililochomwa, koo la njano, kifua cha buluu inayokaribia kijani. Mdomo mrefu, umepinda kidogo. Nikamwambia, "Ni ndege tu. Katupe nje, kaa chini." Akatoka, akatupa, akarudi, akakaa. Mimi nikaendelea na somo langu la watu waliosafiri mbali.

Ningekuwa nimeshasahau, kama si rafiki yangu.

Rafiki yangu huyu anasoma ualimu wa Biolojia na Jiografia, na darasa zima linamwita Korongo kwa sababu ya miguu yake. Jina limemwingia, siku hizi anapenda ndege kweli. Siku moja tumekaa kimbwetani akaniambia kuwa kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba, dunia inaadhimisha Siku ya Ndege Wahamao. "Jumamosi hii twende Igombe," akasema. Nikamjibu bumu halijaingia. Akasema ndege hawana kiingilio.

Basi tukaenda. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa stendi na chai ya rangi na maandazi, kisha tukapanda bodaboda moja mishikaki mpaka bwawa la Igombe, kaskazini mwa mji. Darubini ilikuwa ya kuazima, jicho moja lina ukungu, kwa hiyo tulitazama kwa zamu na kwa jicho moja kama maharamia.

Njiani nikaona kitu ambacho nimekipita miaka yote bila kukiona. Miombo ilikuwa imetoa majani mapya, mekundu, na mvua haijadondosha hata tone. Korongo akaniambia kuwa wakati huohuo Ulaya majani yanageuka mekundu pia, ila yale yanakufa na kupukutika. Huko baridi inaingia, wadudu wanakwisha, na ndege wala wadudu wanafunga safari. Huku kwetu kiangazi kinaisha, mvua ziko njiani, wadudu wanakaribia kujaa. Ndege anaondoka kunakofungwa, anakuja kunakofunguliwa.

Bwawani maji yalikuwa yamerudi nyuma, yameacha tope pana pembeni. Furukombe alikuwa analia juu ya mti mkavu, mnandi ametandaza mabawa yakauke, yangeyange wanafuata ng'ombe. Hao nawajua, ni wenyeji. Lakini kwenye tope kulikuwa na ndege mdogo wa kijivu, tumbo jeupe, anatembea huku mkia unapanda na kushuka bila kupumzika. "Kitwitwi," akasema Korongo. "Huyu si wa hapa."

Pembeni mzee mmoja alikuwa anashona nyavu. Tukamwamkia. "Marahaba wanangu. Nyie ni watu wa maji?" Kumbe alipoona daftari na darubini alidhani tumekuja kupima bwawa. Tulipomwambia tunatazama ndege alicheka mpaka sindano ikamtoka mkononi. Halafu akanyamaza, akaelekeza kidole kwa yule kitwitwi. "Hao wageni. Wanaanza kuja kiangazi, mmoja mmoja, mvua zikiisha wanaondoka. Nimevua hapa tangu kijana. Yangeyange najua anapotagia. Huyo kiota chake sijawahi kukiona hata siku moja."

Korongo akaandika maneno hayo neno kwa neno, na mimi nilidhani anamfurahisha mzee tu. Baadaye, tumekaa chini ya mti tunakula matobolwa na karanga, ndipo akanieleza kwa nini.

Zamani Wazungu hawakujua ndege wao huenda wapi wakati wa baridi. Walikuwa na hadithi nyingi, wengine wakiamini kuwa mbayuwayu hujizika kwenye tope chini ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz huko Ujerumani, akapigwa korongo mweupe ambaye shingoni alikuwa amechomwa mshale mrefu, na mti wa mshale ule ulikuwa wa Afrika. Alikuwa ameruka nao safari nzima. Alikaushwa, na mpaka leo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock. Mshale ule ulikuwa ushahidi wa wazi kwamba korongo wa Ulaya wanakuja Afrika.

"Sasa fikiria," akasema Korongo, "yule mzee ushahidi wake ni wa namna ileile. Amemwona ndege miaka yote, hajaona yai. Maana yake anazaa kwingine. Ila hakuna mtu aliyewahi kumuuliza."

Nilikuwa bado natafuna jibu hilo tuliposikia sauti juu, kama filimbi iliyoingia maji. Kundi, thelathini au arobaini, wanaelea na kukata kona wakikamata wadudu hewani. Korongo akanipa darubini. Nikafumba jicho la ukungu. Mgongo wa tofali. Koo la njano. Kifua cha buluu.

"Keremkerem wa Ulaya," nikasikia anasema. "Wanazaliana kuanzia Hispania mpaka Urusi huko. Wengine wanavuka Sahara, wengine wanapitia Uarabuni. Akikamata nyuki anampigiza na kumsugua kwenye tawi mpaka mwiba utoke, ndiyo anammeza. Wafuga nyuki wetu hawampendi hata kidogo." Nilimsikia kwa mbali. Nilikuwa nafikiria yule wa manati. Ndege amevuka bahari na jangwa, amefika Tabora, ameletwa mpaka mlangoni kwa mwalimu wa Historia anayefundisha safari ndefu, na mwalimu amesema katupe nje.

Twende kwenye hoja yangu sasa.

Sisi wa Tabora tumezoea kujisifu kwa njia. Burton na Speke walifika Kazeh mwaka 1857 kwa kufuata njia ambayo Wanyamwezi walikuwa wanaijua siku nyingi. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872, na tembe lake bado tunapeleka wageni. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Wengi walisafiri kiangazi, na walitaka kurudi kabla ya mvua wawahi shamba. Njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na hilo hatulifichi darasani. Kisha reli ikafika hapa mwaka 1912, ikaenda Kigoma, baadaye tawi likaenda Mwanza. Tabora imekuwa njia panda muda wote.

Lakini tunaifundisha njia kana kwamba imekufa, imebaki miembe na makumbusho. Wakati huohuo, kila Oktoba, juu ya miembe hiyo kuna wasafiri wanapita. Msafara wa watu ulitoka magharibi kwenda mashariki na kurudi. Huu unatoka kaskazini kwenda kusini na kurudi. Mbayuwayu unayemwona kwenye waya wa umeme nje ya hosteli ana uzito wa gramu ishirini hivi, na wenzake wengine wanafika mpaka Afrika Kusini. Yeye hapokelewi na mtu yeyote, hata kwa jina.

Na jina si jambo dogo. Katika miombo yetu kuna keremkerem mwingine, mdogo, wa kijani mwenye kichwa chekundu, ambaye vitabu vya ndege vinamwita kwa jina la Richard Böhm. Huyu alikuwa Mjerumani aliyeishi Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1880 akikusanya wanyama na ndege, akafia Katanga mwaka 1884. Simlaumu, alitazama na akaandika. Ninachosema ni kwamba alitembea katika nchi yenye watu, na watu hao walikuwa na majina yao. Majina hayo yako wapi? Baadhi yako kwa yule mzee wa nyavu. Akiondoka yeye, yanaondoka nayo, na sisi wenye shahada tutabaki na "ndege tu".

Najua nitakachojibiwa, maana nimejibiwa tayari kimbwetani. Kwanza, muda: silabasi ni ndefu na mtihani wa NECTA hauulizi keremkerem. Pili, wanafunzi tisini huwezi kuwapeleka Igombe, basi halipo na hela haipo. Tatu, mkulima anayeamka na kukuta kwelea kwelea wamemaliza mtama wake hahitaji mwanachuo wa kumwambia awapende ndege.

Hoja ya tatu naiheshimu kuliko zote. Sisemi tuwapende ndege wote. Nasema tuwajue. Asiyejua anawaona wote ni kwelea kwelea, na manati haichagui. Anayejua ataona kwamba mbayuwayu anakula wadudu siku nzima, bure. Na akiona miombo inakatwa kuchomea tumbaku kwenye mabani, atajua kuwa si kuni peke yake zinazoondoka.

Hizo mbili za mwanzo ni visingizio vyetu walimu, na mimi nilivitumia. Swali la yule kijana lingenila dakika mbili. Ningeweza kusema, "Sijui, tumtafute." Ningeweza kuweka alama moja kwenye ramani yangu ya manila: naye amepita hapa. Darasa lile lisingeisahau misafara mpaka uzeeni. Tunasoma nadharia nyingi za kumfanya mwanafunzi awe kitovu cha somo, tunazijibu vizuri kwenye UE, halafu mwanafunzi anakuja na swali mkononi, bado lina joto, tunamwambia akae chini.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na naomba serikali yetu ya wanafunzi iyachukue. La kwanza, kila anayekwenda BTP arudi na orodha ya majina ya ndege kumi na miti kumi ya pale shuleni, kwa lugha ya wenyeji na kwa Kiswahili, akiwa ameyauliza kwa wazee. Haina gharama, na baada ya miaka mitano chuo kitakuwa na kitu ambacho hakuna maktaba iliyonacho. La pili, kila mmoja wetu awe na kipindi kimoja alichofundisha nje ya darasa, hata kama ni chini ya mwembe wa shule. La tatu, Mei na Oktoba twende Igombe pamoja, wa Historia na wa Biolojia. Darubini yenye jicho moja tunayo.

Nimalizie nilipoanzia. Jumapili yake nilimtumia ujumbe mwalimu wa ile shule aliyekuwa ananilea. Nikamwomba amwambie yule kijana wa Kidato cha Pili kuwa ndege wake anaitwa keremkerem, kuwa alitoka Ulaya, na kuwa mwalimu wake anaomba radhi. Nilidhani hatajibu. Siku ya tatu akajibu: kijana anauliza, wanarudi kwao lini?

Hili nililijua, kwa sababu safari hii nilikuwa nimeuliza. Kuanzia Machi, nikamwandikia. Mwambie Machi na Aprili atazame juu, na manati aiache nyumbani.