Nane yetu iligeukaje kumi na tano?

Makamanda, darasa la sheria ya mikataba linaanza na kitu rahisi tu: mkishakubaliana, mmoja hawezi kugeuza masharti peke yake halafu akakwambia lipa.

Sasa waulizeni kaka na dada zetu waliosaini mkopo wa elimu ya juu wakijua watakatwa 8% ya mshahara. Mwaka 2016 Bunge likarekebisha sheria, ikawa 15%. Na siyo kwa wakopaji wapya tu, hapana, hadi waliokwishasaini! Chukua mwalimu wa laki saba: alikuwa anakatwa 56,000, akaanza kukatwa 105,000, na mwenye nyumba kodi yake hajapunguza hata mia.

Ukihoji unaambiwa bajeti ni finyu, wadogo zenu nao wanasubiri mkopo. Yaani wajibu wa Serikali kabebeshwa mwalimu. Mbona kwenye mashangingi bajeti haiwi finyu?

2021 walifuta ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo, na nchi haikufilisika. Basi kila aliyesaini kwa nane arudishiwe nane yake.