Darasa la Jirani na Darsa Letu

Huku bara ya Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni, na kutoka Changamwe hadi Jomvu, nyumba ya Mwislamu na nyumba ya Mkristo mara nyingi hutenganishwa na ukuta mmoja tu. Tunasikilizana hata tusipotaka. Basi si ajabu kwamba swali hili huzuka mara kwa mara barazani: hawa jirani zetu wa kanisa la Methodisti, wanapokusanyika jioni watu kumi au kumi na wawili katika nyumba ya mmoja wao, wala si Jumapili, wala si arusi, wala si matanga, huwa wanafanya nini?

Wako wasemao kwamba wanachanga pesa. Wako wasemao kwamba wanapanga namna ya kutuvuta sisi. Mimi ni mkazi wa huku bara. Nimewauliza wenyewe, na historia yao nimeisoma. Nataka leo tulipime jambo hili kwa utulivu, maana naona ndani yake mna funzo linalotuhusu sisi kuliko linavyowahusu wao.

Tuanze na asili. Huko Uingereza katika karne ya 18, katika chuo cha Oxford, palikuwa na vijana waliojiwekea saa maalumu za kusali, kusoma na kuwazuru wafungwa. Wenzao waliwacheka, wakawapachika jina la Wamethodisti, yaani watu wa kufuata taratibu kupita kiasi. Jina la dhihaka likageuka kuwa jina la heshima. Kiongozi wao alikuwa kasisi John Wesley.

Mwaka 1742, mjini Bristol, wafuasi wa Wesley walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Mmoja wao akatoa shauri kwamba kila mtu atoe peni moja kwa juma. Ikasemwa kwamba wengi ni maskini, hata hiyo peni hawana. Yule bwana akajibu kwamba apewe yeye watu kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Atawazuru kila juma, na asiye na kitu atamlipia kutoka mfuko wake.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa darasa la Kimethodisti: watu 12, mmoja wao akiwa msimamizi. Lakini huyo msimamizi alipobisha hodi kudai peni, macho yake yaliona mengine. Huyu ni mgonjwa na hana wa kumtazama. Yule amegombana na mkewe. Mwingine amerudia ulevi. Wesley akatambua kwamba ile peni imefungua mlango ulio mkubwa kuliko deni. Tangu hapo darasa likawa mahali pa mtu mzima kuulizwa hali ya imani yake, naye kuuliza yanayomtatiza, na wenzake kumshika mkono. Wanawake nao wakawa wasimamizi, jambo lililokuwa geni wakati ule.

Mbegu hiyo ilifikaje kwetu? Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamishonari wa Kianglikana, alifika Mombasa mwaka 1844. Msomaji huenda akashangaa kusikia kwamba alipoanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka huo huo, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Mwaka 1862 Krapf aliwaleta Wamethodisti, na Thomas Wakefield akaweka makao Ribe. Baadaye wakafungua kituo Jomvu, ubavuni mwa mji wa kale wa Wajomvu, ambao ni mojawapo ya yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, Thenashara Taifa. Upande wa Kisauni, Waanglikana walijenga Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na jina la Kengeleni hadi leo latokana na kengele yao.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wanafunzi wengi wa mwanzo katika vituo hivyo hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima: Wamijikenda wa jirani, watumwa walioshushwa kutoka majahazini, na wengine waliotoroka mashamba ya mabwana wao wa pwani, ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Hili si la kuficha. Mtu aliyekuja hana jamaa wala ukoo alipewa kikundi cha kukaa nacho. Alijifunza kusoma akiwa na mvi, na akapata wa kumzika. Tukitaka kujua kwa nini darasa lile lilishika mizizi, tusitazame vitabu vyake tu; tutazame pia upweke wa walioingia.

Sasa niseme juu ya hofu yetu. Hofu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Wako wazee wetu walioona shule za misheni zikiwa ndiyo njia pekee ya elimu ya serikali, na bei ya kuingia ikiwa ni kulihatarisha jina na dini ya mtoto. Hata tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1923, iliandikwa na kasisi, Godfrey Dale wa Zanzibar, na haikuandikwa kwa nia ya kuutukuza Uislamu.

Lakini tutazame wanazuoni wetu walilipokeaje jambo hilo. Hawakutia moto kanisa, wala hawakuwakataza watu kuuliza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la As-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwaandikia watu wazima kwa lugha yao, akiwajibu maswali na kuwakemea kwa uzembe wao wa kutosoma. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, kuanzia mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947. Sheikh Abdulla Saleh Farsy naye alitutolea tafsiri kamili ya Kurani mwaka 1969. Waliona kwamba darasa la jirani hujibiwa kwa darsa lililo bora.

Na hapa ndipo mambo ya siku zetu yanapoingia. Agosti 1997 Likoni iliwaka moto wa fitina za siasa, na watu kadiri ya 100 wakauawa. Mwezi Machi 2014, Likoni hiyo hiyo, watu wenye bunduki waliingia kanisani siku ya Jumapili wakaua watu 6. Novemba mwaka huo polisi walivamia misikiti ya Kisauni wakidai kusaka silaha, na ikafungwa kwa muda. Katika miaka hiyo vijana wetu kadhaa walitoweka nyumbani, wengine wakasikika Somalia, wengine hawakusikika tena. Kisha mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa, za watu waliofunga chakula hadi kufa kwa mafundisho ya mhubiri wao.

Matukio haya si ya aina moja, wala dini ya wahusika si moja. Lakini kwa kijana aliyepotea Kisauni na mama aliyejiua njaa Shakahola, naona uzi mmoja: mwalimu asiyeulizwa. Mtu mzima alikaa chini ya sauti moja, hana mahali pa kusema, "Ewe mwalimu, hili umelitoa wapi?" Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kutouliza kumetutia makaburini.

Huenda mtu akanipinga akisema kwamba vikundi vidogo ndivyo hasa vinavyoficha maovu, maana kinachosemwa chumbani hakisikiki nje. Ni kweli. Udogo wa kikundi peke yake si kinga. Kinga ni taratibu zake. Darasa la Kimethodisti, kwa desturi yake, lina orodha ya watu wake, msimamizi wake hujulikana na huwajibika kwa kanisa zima, mlango hauna komeo, na kitabu kinachosomwa kimo mkononi mwa kila mtu, si mkononi mwa mmoja. Asiyefika huulizwa habari zake juma hilo hilo. Anayeanza kuvutwa na mhubiri wa vichakani huonekana mapema, kabla hajauza kiwanja chake.

Sisemi kwamba wao wamekamilika. Wenyewe wamenilalamikia kwamba wanaume ni wachache na mzigo wote huwaangukia akina mama, na kwamba jioni nyingine mchango hula saa yote, somo likabaki dakika kumi. Kitu kilichoanza kwa peni huvutwa kurudi kwenye peni. Vyama vyetu vya kuchangiana mitaani vyajua ugonjwa huo.

Serikali nayo, baada ya Shakahola, iliunda jopo lililotoa ripoti mwaka 2024 juu ya kuyasimamia mashirika ya dini. Sheria njema yafaa. Lakini hakuna karani wa serikali atakayekaa sebuleni kwa mtu kumsikiliza mashaka yake. Kazi hiyo ni ya jirani na ndugu.

Basi sisi tuna nini? Tuna chuo cha mtoto, ambapo husoma juzuu kwa juzuu mpaka khitma. Baada ya hapo, mtu mzima amebakiwa na hotuba ya Ijumaa na darsa la Ramadhani baada ya alasiri. Vyote viwili ni vya kusikiliza. Mwenye swali hungoja sheikh amalize, kisha sheikh anaondoka. Mwanamke aliye nyuma ya pazia hata hiyo nafasi ya kungoja hana. Vijana hupeleka maswali yao kwenye simu, wakajibiwa na mtu wasiyemjua jina wala nia.

Wala dawa hatuhitaji kuazima. Halaka, yaani watu kukaa duara wakasoma na kuulizana, ni yetu tangu msikiti wa Madina. Kila msikiti wa mtaa huku bara waweza kuwa na halaka za watu kumi kumi baina ya magharibi na isha: za wanaume, za wanawake wakiongozwa na mwanamke aliyesoma, na za vijana. Ziwe na orodha, na msimamizi anayejulikana na imamu, na kila mmoja awe na tafsiri mkononi. Iwe sharti kwamba kila juma mmoja aulize swali linalomkera kweli, wala asichekwe. Na asiyeonekana majuma mawili, watu wawili wabishe hodi kwake.

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Katika mitaa hii kijana huweza kutoweka, na wa kwanza kuuliza habari zake akawa polisi. Mtaa wenye watu kumi wanaomjua kwa jina na kwa mashaka yake hautampoteza kirahisi hivyo.