SONONA NI UGONJWA WA WAZUNGU? NANI KAKUDANGANYA!

Ndugu msomaji, wewe unayelisoma gazeti hili kwa kuchungulia bega la jirani yako kwenye daladala, hebu niambie kwa haki: ni mara ngapi umesikia kijiweni mtu akisema sonona ni ugonjwa wa wazungu? Mwafrika hana muda huo, ndivyo tunavyoambiana. Mwafrika anasumbuliwa na kodi ya chumba na bei ya unga, hayo mambo ya kujifungia ndani na kulia bila sababu ni ya watu walioshiba. Mimi mwenyewe nimeisema kauli hiyo, tena kwa sauti, tena mbele ya mtu ambaye sikupaswa kuisema mbele yake. Nitamrudia.

Kwanza nataka ujue kwamba kauli hiyo si ya babu zako wala zangu. Tumeletewa. Ina mwenyewe, ana jina, na alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni pale Nairobi.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 1910 Waingereza walifungua Nairobi nyumba ya kuwaweka vichaa, na mwaka 1924 ikaitwa Hospitali ya Mathari. Wenzetu wa Kenya mpaka leo wakitaka kumkejeli mtu humwambia aende Mathari, kama sisi tunavyosema Mirembe. Katika miaka ya 1930 daktari aliyekuwa akiisimamia aliitwa H. L. Gordon. Huyu bwana alikuwa na hamu moja kubwa, kuthibitisha kwamba ubongo wa Mwafrika ni mdogo na hauwezi kukua ukafikia ule wa mzungu. Mwaka 1933 yeye na wenzake wakaanzisha pale Nairobi chama cha kuchunguza ati namna ya kuboresha mbegu za binadamu. Mwaka uliofuata mpimaji maiti wa serikali, F. W. Vint, akatangaza kuwa ameshika ubongo wa Waafrika 100 waliofia hospitalini, ameupima, na ameukuta pungufu kwa uzito na unene kuliko wa Ulaya.

Sasa tumia akili yako hiyo wanayosema ni pungufu. Nani alikuwa akifia katika hospitali za wenyeji Nairobi mwaka 1934? Ni mlalahoi, kibarua aliyekula ugali mtupu tangu utotoni, mwenye malaria, mwenye minyoo, mwenye kifua kikuu. Huyo ndiye aliyewekwa kwenye mizani akalinganishwa na tarakimu zilizoandikwa Ulaya na watu wengine, kwa mizani nyingine. Halafu ikaitwa sayansi!

Gordon aliongeza na jingine ambalo mimi, niliyeishia kidato cha nne, limenichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Alidai kwamba elimu ya kizungu inaweza kumtia Mwafrika wazimu, eti ubongo haukubali mzigo ule. Kwa hiyo kila kijana aliyemaliza sekondari anayesoma makala haya, kwa kipimo cha Gordon, ni mgonjwa anayesubiri kitanda. Alikwenda hadi London kuomba fedha za utafiti mkubwa zaidi, akanyimwa.

Ndipo anaingia yule mwenye kauli yetu, Dk. J. C. Carothers. Alizaliwa Afrika Kusini, akaja Kenya mwaka 1929 kama daktari wa kawaida wa serikali, na mwaka 1938 akapewa Mathari aiongoze. Msomaji, shika hapa: siku anakabidhiwa funguo za hospitali ya vichaa hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikwenda kuyasomea London miaka minane baadaye. Lakini huyo ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa dunia juu ya akili ya Mwafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Si la mkoloni wa Nairobi pekee, ni Shirika la Afya Duniani!

Aliandika nini? Pamoja na mengi, aliandika kwamba sonona ni nadra sana kwa Mwafrika, kwa kuwa Mwafrika hana hisia nzito ya wajibu, hajilaumu, humtupia lawama mchawi au jirani, kwa hiyo roho yake haielemewi. Umeisikia hiyo? Ndiyo kauli ya kijiweni kwetu, imebadilishwa shati tu.

Alipataje jibu hilo? Aliangalia waliomo ndani ya Mathari. Na waliomo ndani ya Mathari walifikaje? Waliletwa na polisi na machifu. Mtu alipelekwa kule akivunja maduka, akitembea uchi barabarani, akimfukuza karani wa mzungu kwa panga. Yule mama anayekaa kimya kona ya nyumba, asiyekula, asiyelala, anayetamani ardhi immeze, nani angempakia kwenye gari la polisi? Hakuwa anamsumbua mtu. Alibaki nyumbani na hakuingia kwenye hesabu ya daktari. Ni sawasawa na mtu aende kituo cha polisi Jumamosi usiku, awahesabu waliomo mahabusu, kisha atangaze kwamba vijana wa Dar es Salaam hawajui kulia, wanajua kupigana tu.

Akaenda mbali zaidi. Miaka ile huko Ulaya na Marekani kulikuwa na mtindo wa kuwapasua wagonjwa wa akili na kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, operesheni iliyoitwa leukotomia. Mreno aliyeianzisha, Egas Moniz, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Waliokatwa wengi walipoa kama maji ya mtungini, hawapangi, hawajali kesho. Carothers akalinganisha, akasema Mwafrika mzima asiye na ugonjwa wowote anafanana sana na mzungu aliyekwisha kupasuliwa hivyo. Yaani wewe hapo ulipo, kwa mujibu wa kitabu kile, umezaliwa umeshakatwa.

Mtu anaweza kuniuliza, ya kale hayo, yanakuhusu nini? Subiri uone yalivyotumika.

Oktoba 1952 serikali ya Kenya ilitangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya Mau Mau. Watu walikuwa wanadai ardhi waliyonyang'anywa, jambo ambalo hata mtoto wa chekechea angeelewa. Serikali ikamwita nani? Ikamwita daktari wa akili! Mwaka 1954 Mpiga Chapa wa Serikali, Nairobi, akatoa kijitabu cha Carothers kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Humo Mkikuyu anachorwa kama mtu aliyechanganyikiwa katikati ya njia, kaacha mila zake na ya mzungu hajayashika, sasa kiapo kimemvuruga. Hoja ya ardhi ikawekwa pembeni, ugonjwa ukawekwa mezani. Naye akaunga mkono watu wakusanywe vijijini. Na walikusanywa kweli, zaidi ya watu milioni moja, kwa nguvu, vijiji vyenye mahandaki na amri ya kutotoka. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa enzi hizo, na waziri wake wa mambo ya nje akasema bungeni kwamba wanajutia. Wale walioambiwa wana viapo kichwani ndio waliosimama mbele ya wanasheria wakaeleza, tarehe kwa tarehe, walichofanyiwa.

Mwenye dola akiishiwa majibu hutafuta daktari, na wala hakuanza Nairobi. Mwaka 1851, huko Louisiana, Marekani, daktari Samuel Cartwright aligundua ugonjwa mpya unaowapata watumwa weusi, dalili yake kubwa ni kutoroka kwa bwana. Dawa aliyoiandika mojawapo ni viboko. Na Urusi ya Kisovieti waliopinga chama walikuwa wakipimwa na kukutwa na wazimu wa polepole usioonekana kwa macho, wakalazwa na kudungwa sindano, mpaka mwaka 1983 madaktari wa huko walijitoa katika chama cha dunia kabla hawajafukuzwa. Kwa hiyo siku ukisikia kigogo anasema vijana wanaolalamika ni wavuta bangi waliochanganyikiwa, kumbuka kwamba hajabuni kitu.

Walitokea waliombishia Carothers, tena kwa kalamu kali. Frantz Fanon, mwenyewe daktari wa akili aliyefanya kazi Blida, Algeria, tangu 1953, alimshughulikia kwa jina katika kitabu chake cha 1961. Huko Nigeria, Dk. Thomas Adeoye Lambo alianzisha mwaka 1954 pale Aro, Abeokuta, utaratibu wa wagonjwa kuishi na jamaa zao katika vijiji jirani badala ya kufungiwa. Lakini kilichomziba mdomo kabisa ni kazi ya miguu. Watafiti John Orley na John Wing walikwenda vijiji viwili vya Uganda, wakahoji watu majumbani, hawakusubiri gari la polisi liwaletee. Mwaka 1979 wakatoa majibu: sonona ilikuwapo, na kwa wanawake wa vijiji vile ilikuwa nyingi kuliko kwa wanawake wa kusini mashariki mwa London waliopimwa kwa maswali hayo hayo. Nyingi kuliko London! Ilikuwapo siku zote, imekaa kona ya nyumba.

Sasa nimrudie yule mtu wangu. Nitamwita Konda kwa kuwa ndiyo kazi yake. Gari alilokuwa akifanyia liliuzwa, mwezi huo huo mama yake akafariki. Akaacha kuja kijiweni. Akija hanyoi, haogi, anatazama chini. Sisi tukasema anaringa, baadaye tukasema bangi, mjomba wake akasema karogwa na anatafutiwa mganga. Siku moja alisema neno moja tu, kwamba anawaza sana na usiku haulali. Mimi, mwandishi wa magazeti, msomi wa kijiwe, nikamjibu kwa kicheko: acha mambo ya wazungu, kaza roho, wewe ni mwanamume. Wiki ya pili alijaribu kujitoa uhai. Jirani aliwahi. Hospitalini tulipofika, kabla ya jambo lolote tuliulizwa PF3 iko wapi, na jioni askari akaja kukaa kitini karibu na kitanda chake, kama kamkamata mwizi wa kuku.

Sijaandika haya nipewe pole. Shirika la Afya Duniani, lile lile, siku hizi linahesabu zaidi ya watu 700,000 duniani wanaojiua kila mwaka, na wanaume ni kama mara mbili ya wanawake. Wanaume, yaani wasomaji wa ukurasa huu.

Wenzetu wa Zimbabwe hawakusubiri majengo. Harare walikuwa na madaktari wa akili wa kuhesabika kwa vidole, basi mmoja wao, Dk. Dixon Chibanda, mwaka 2006 akaanza kuwafundisha mabibi wa mtaani. Bibi anakaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, mgonjwa anakaa pembeni, wanaongea, wanachagua tatizo moja la kuanza nalo. Hawakumuuliza mtu kuhusu majina ya Kilatini. Waliuliza kwa neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Neno lile lile la Konda! Na walipima, hawakubahatisha. Kliniki 24, wagonjwa 573, majibu yakachapishwa Marekani mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa na mabibi walikuwa kama asilimia 14, na kwa waliopata huduma ya kawaida asilimia 50. Huo ndio utafiti. Unamuuliza mtu kwa lugha yake, unampimia alipo, na jibu linamrudia yeye.

Sisi wazee wenye busara tunao, mabenchi tunayo, kahawa ipo. Kinachohitajika ni mafunzo na fedha, na fedha ni za kodi yako. Na lipo la sheria. Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 kinachomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, urithi wa mkoloni, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba kinakiuka Katiba. Sisi tulirithi cha kwetu, namba 217 katika Kanuni ya Adhabu. Mbunge wako akija kuomba kura, kabla hujapokea fulana yake, muulize amewahi kukisoma.

Konda yupo. Alikaa na muuguzi mmoja mstaafu wa mtaani kwao, mara moja kwa wiki, na dawa anakunywa. Jumapili iliyopita nilimwomba radhi kwa kicheko changu cha siku ile, nikamweleza habari za huyu mzungu wa Nairobi. Akacheka, akaniambia kumbe wewe ulikuwa mwanafunzi wake na ada hulipi. Tukanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama najua magari ya Gongo la Mboto siku hizi tajiri anataka hesabu ya shilingi ngapi kwa siku.