BANDARI SI MFUKO WA MTAWALA



Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza alitawala bila Bunge tangu 1629 hadi 1640. Alipoishiwa fedha, mwaka 1634 aliitoza miji ya bandari kodi ya merikebu pasipo idhini ya wawakilishi. Mwaka uliofuata akaieneza hadi bara. Ugomvi huo wa fedha na madaraka ukazaa vita, naye akakatwa kichwa mwaka 1649. Waingereza walijifunza kwa damu kwamba hazina si mfuko wa mtawala. Walipokuja kwetu, somo hilo waliliacha kwao.

Enzi ya masultani wa Unguja, forodha ilikodishwa: mkodishaji alimlipa Sultani kiasi maalumu kwa mwaka, ziada ikawa yake. Mwaka 1887 Seyyid Barghash akawapa watu wa William Mackinnon utawala na forodha ya pwani hii. Mwaka 1890 Wajerumani wakainunua pwani ya kusini kwa pauni 200,000. Mwaka 1895 fedha hizo hizo za Unguja zikatumika kuilipa kampuni ya Mackinnon iondoke. Kisha Serikali ya Uingereza ikaikodi pwani kwa pauni 11,000 kwa mwaka, pamoja na riba ya pauni 6,000. Unguja ikalipa, Uingereza ikatawala! Mwenyeji aliulizwa lini? Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipoasi mwaka huo, alisakwa kwa bunduki hadi akavuka mpaka mwaka 1896.

Watatuambia hayo ni ya kale. Mikataba ya mkopo wa reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyotiwa saini mwaka 2014, ilifichwa hadi Novemba 2022, ilipotolewa sehemu yake. Katikati ya siri hiyo, mwaka 2019, makontena yaliamriwa kupakiwa relini, na watu wa malori wa Mombasa wakaingia barabarani kutetea riziki yao.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Lakini vyama vingi bila hesabu wazi ni wafalme wengi kwa hazina moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, yaamuru uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Hatuombi hisani, twadai sheria itimizwe. Kila mkataba unaoigusa bandari usomwe hadharani, kwa lugha tuielewayo, kabla ya kutiwa saini.

Mali bila daftari hupotea bila habari.