Koki ya raba ndiyo koki ya pwani yetu

Mimi ni fundi bomba hapa Mocímboa da Praia. Kila wiki naitwa kwenye nyumba yenye sinki jipya na koki inayong'aa, lakini maji yanatoka kama machozi. Wiki iliyopita aliniita bibi mmoja wa mtaa wa Milamba. Baada ya shikamoo na marahaba akanionyesha koki ya mkono mmoja, ile ya kuchanganya maji moto na baridi, zawadi ya mjukuu wake. Nyumba haina hita. Tangi lipo uani, juu ya mnara wa mita 3.

Maji ya tangi husukumwa na kimo chake. Mita 10 hutoa bar 1, kwa hiyo mita 3 ni bar 0.3 tu. Koki nyingi za namna ile hutaka msukumo mkubwa kuliko huo. Bibi hakuuziwa koki mbovu. Aliuziwa koki ya nyumba nyingine.

Nasema bila kusita: kwa sinki la jikoni huku kwetu, chagueni koki ya raba, ya shaba ya njano. Ni ile ya kuzungusha mara kadhaa, ambayo skrubu hushuka na kukandamiza kiraba juu ya tundu la maji. Mtindo wake ulipata hataza Uingereza mwaka 1845, na mpaka leo kiraba kikichakaa unafunga maji, unafungua kwa spana, unaweka kingine. Ukikikosa dukani, kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kitakusogeza siku kadhaa.

Koki ya robo mzunguko ina visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Kwa maji safi ni koki nzuri, haidondoki kwa miaka. Lakini maji yetu huja na mchanga, na mchanga hukwaruza visahani. Hapo hubadilishi kiraba, unabadilisha kiini kizima cha aina ileile, na mimi nimewahi kuagiza kimoja mpaka Mtwara. Ile yenye tufe lililotobolewa ndani iwekeni kwenye tangi na kwenye bomba kuu, ambako kazi yake ni kufungua yote au kufunga yote.

Halafu kuna chumvi, ya visimani na ya upepo wa bahari. Mwaka 2020 tulikimbia mji huu kwa sababu ya vita. Niliporudi, nilizunguka nyumba za majirani nikiwa na spana na mfuko wa viraba. Koki nyingi za shaba zilifunguka, nikazitia kiraba, zikafanya kazi. Za zinki iliyopakwa kromu zilikatikia mkononi mwangu.

Bibi aliniuliza swali la haki: "Mwanangu, na vidole vyangu hivi vinavyouma, nitazungusha vipi?" Kwake nilifunga koki ya robo mzunguko yenye mkono mrefu, ya maji baridi peke yake, na kwenye tangi nikaweka chujio la mchanga. Mkono wa mtumiaji nao ni kipimo. Kung'aa si kipimo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kulipa, igeuze koki uchungulie ndani ya thredi ambako kromu haijafika. Ukiona manjano, ni shaba. Ukiona kijivu, irudishe. Muulize mwenye duka kama anauza pia kiraba au kiini chake. Nanyi wenye maduka, leteni viraba, si koki tupu. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na huku kwetu kila tone limepandishwa tangini kwa mkono au kwa mafuta ya jenereta.